Mfalme Aligeuza Uso Ukutani

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023 mazoezi ya kwaya katika usharika wetu yaliahirishwa bila mtu yeyote kutangaza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kama inyeshavyo Kyela mwezi huo, na barabara ya kwenda Matema ilikuwa matope matupu. Hata hivyo, ilipofika saa saba mchana, zaidi ya nusu ya kwaya, wazee wa kanisa watatu na mchungaji wao tulikuwa tumebanana sebuleni kwa mzee mmoja mwenye televisheni kubwa. Tulikwenda kumtazama Charles akitiwa mafuta na kuvikwa taji huko London.

Aliyetukusanya ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa sauti ya pili katika kwaya yetu na mhazini wake kwa miaka mingi. Hatutamtaja jina. Kila mtu hapa kwetu anajua kwamba ukitaka habari za jumba la kifalme la Uingereza, unamwuliza yeye. Anaweza kukupangia warithi wa kiti kile mmoja baada ya mwingine, upesi kuliko vijana wetu wa kipaimara wanavyoweza kuwapanga wafalme wa Yuda. Anazo picha alizokata magazetini tangu harusi ya Charles na Diana mwaka 1981, na anayo shilingi ya zamani yenye kichwa cha Mfalme George, aliyoachiwa na baba yake aliyekuwa askari wa Keya. Siku ile aliketi mbele kabisa, akitufafanulia kila jambo kama bibi anayewaeleza wajukuu.

Insha hii ni uhakiki. Tunataka kuipima ibada tuliyoiona siku ile. Zaidi ya hapo tunataka kujipima sisi tulioitazama na kuisemea, kwa sababu miezi michache baadaye mazoea yetu ya kutazama na kusema yalimjeruhi mtu wa kwetu.

Ibada tuliyoiona

Wengi walidhani wanatazama sherehe ya serikali. Kilichofanyika ndani ya Westminster Abbey kilikuwa ibada, tena ibada yenye Chakula cha Bwana. Ilianza kwa jambo ambalo sisi tulilipita haraka. Mtoto mmoja wa kwaya alimkaribisha mfalme kwa jina la Mfalme wa wafalme, naye akajibu kwamba kwa jina la huyo, na kwa kuufuata mfano wake, amekuja kutumika wala si kutumikiwa. Msomaji wa Mathayo 20 anatambua mara moja jibu hilo limetoka wapi. Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, ambaye ni mfuasi wa dini ya Kihindu, alisoma Wakolosai 1, habari za Kristo ambaye enzi zote na mamlaka zote ziliumbwa kwa ajili yake. Injili ilikuwa Luka 4, Yesu katika sinagogi la Nazareti akiwatangazia maskini habari njema. Katika uchaguzi wa masomo hatuna la kulaumu. Mtu anayengojea taji la dhahabu lenye uzito wa zaidi ya kilo mbili aliambiwa kwanza kwamba yupo Mfalme mwingine juu yake.

Walutheri tulikuwa na la kufurahia pia katika muziki. Wimbo unaoimbwa wakati wa kutiwa mafuta, unaosimulia jinsi kuhani Sadoki alivyomtia mafuta Sulemani, ulitungwa na Handel mwaka 1727 kwa ajili ya kutawazwa kwa George II. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, akabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Na baba wa George II, yaani George I, alipofika London mwaka 1714 kutoka Hanover alikuwa Mlutheri kama sisi.

Kisha likaja pazia. Mfalme alivuliwa mavazi yake ya fahari, akabaki na shati jeupe, akaketi. Vililetwa viwambo vilivyotariziwa, vikamzunguka pande tatu, na kamera zote zikabaki nje. Humo ndani Askofu Mkuu Justin Welby alimpaka mafuta mikononi, kifuani na kichwani. Mafuta hayo yalitokana na zeituni za Mlima wa Mizeituni, nayo yaliwekwa wakfu mjini Yerusalemu tarehe 3 Machi mwaka ule. Kiwambo kilikuwa na picha ya mti wenye majani 56, kila jani na jina la nchi moja ya Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo Tanzania nayo ilikuwapo pale, imeandikwa kwa uzi.

Sebuleni tulinung'unika. Mmoja aliuliza kwa nini wanatuficha. Mwingine alisema huenda kuna mambo ya kimila wanayaonea haya. Mwalimu akatunyamazisha. "Wanangu, hapo si petu," alisema. "Hata mama yake mwaka 1953 hakuonyeshwa." Na ni kweli. Elizabeth II alipotawazwa, kamera ziliruhusiwa kanisani, lakini tendo la kutiwa mafuta halikuonyeshwa.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ibada ile ilipofika juu kabisa. Yote mengine yalipangwa yatazamwe: magari ya farasi, tarumbeta, mavazi ya dhahabu. Tendo moja tu lililokuwa kati ya mtu na Mungu wake lilifichwa, na waliolificha walifanya vema. Bwana wetu katika Mathayo 6 anamwelekeza mwenye kusali aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Sala ikishatazamwa na ulimwengu wote, anayesali huanza kuwafikiria watazamaji.

Kasoro tuliyoiona ilikuwa upande wa pili wa jambo hilohilo. Watu waliokuwa wakitazama majumbani nao walialikwa kuapa kwa sauti kwamba watamtii mfalme. Mwaliko huo ulilaumiwa sana hata kabla ya siku yenyewe, na maneno yake yakalegezwa. Kwetu hakuna aliyeapa. Kijana mmoja wa besi alisema, nusu kwa mzaha, kwamba sisi tulimalizana na kiapo hicho tarehe 9 Desemba 1962. Lakini hata kwa Waingereza wenyewe tunaona lilikuwa kosa. Kiapo ni jambo zito, na mtu aliyeketi kwenye kochi na kikombe cha chai mkononi asibebeshwe uzito huo kwa sababu tu televisheni iko wazi. Mtazamaji alivutwa aingie mahali ambapo hana wajibu wowote wa kubeba.

Na baada ya yote, tulizungumza nini tulipokuwa tukila wali na mbasa? Tulizungumza habari za Harry, kwamba amewekwa mstari wa tatu na kwamba ameondoka upesi. Tulizungumza kofia na magauni. Neno la mfalme juu ya kutumika halikutajwa na mtu, wala na mchungaji, ambaye kesho yake alipanda mimbarani na kuhubiri habari nyingine kabisa.

Kwa nini tunawafuata

Wapo wanaosema ni aibu kwa Mwafrika kuifuata familia ile. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Historia yao imeingia ndani ya yetu. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe kama hiyo mwaka uliofuata, Elizabeth II alikuwa Malkia wa Tanganyika, na mumewe Philip ndiye aliyemwakilisha Dar es Salaam usiku wa Uhuru. Hospitali tunayoiita leo Muhimbili iliwahi kuitwa kwa jina la dada yake, Princess Margaret, aliyefika nchini mwaka 1956. Malkia mwenyewe alikuja Tanzania mwaka 1979, akapokewa na Mwalimu Nyerere, kisha akaenda Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe kutoka hapa kwetu. Charles na Camilla walikuja mwaka 2011. Malkia alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, bendera zetu zilipepea nusu mlingoti. Mtu anayewajua watu hawa kwa majina hajapotoka. Anajua sehemu ya habari zake mwenyewe.

Ila ipo sababu nyingine, nayo si nzuri sana. Tunapenda kuisemea familia ya mbali kwa sababu hawatusikii. Tunaweza kusema kwamba ndoa ya fulani imevunjika, kwamba mtoto wa fulani si wake, kwamba fulani ana kiburi, na hakuna atakayetugongea mlango jioni kuuliza. Tunadhani kwa hiyo hakuna aliyeumia. Yakobo 3 anasema vingine. Anaufananisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa, na moto hauna habari kama msitu ni wa mbali au wa karibu. Ulimi hujifunzia London, kisha hurudi Kyela na ujuzi wake wote.

Kwaresima ya mwaka 2024

Tarehe 17 Januari 2024 jumba la kifalme lilitangaza kwamba Catherine, mke wa William, amefanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba huenda asionekane katika kazi zake mpaka baada ya Pasaka. Walisema pia kwamba anaomba habari zake za matibabu zibaki kuwa zake. Tarehe 5 Februari ikatangazwa kwamba mfalme mwenyewe ana saratani. Tangazo kuhusu Catherine lilikuwa wazi: mgonjwa yupo, anatibiwa, atarudi baada ya Pasaka. Lakini dunia haikutosheka, na sisi tulikuwa sehemu ya dunia hiyo. Tulisema amekimbia ndoa. Tulisema amekufa wanaficha. Tarehe 10 Machi ikatolewa picha yake na watoto wake watatu. Mashirika makubwa ya habari yakaiondoa siku ileile kwa kuwa ilikuwa imerekebishwa, na kesho yake yeye mwenyewe akaomba radhi.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye picha hiyo. Kurekebisha picha ya habari ni kosa, na walioiondoa walifanya kazi yao. Lakini tuulize ni nani aliyeidai. Mama mgonjwa hakuhitaji picha. Waliohitaji ni watazamaji, na walipopewa picha, waliikagua vidole na mikono ya nguo kama askari wa mpakani anavyokagua mzigo.

Tarehe 22 Machi, Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya Mitende, Catherine aliketi kwenye benchi bustanini na kusema mbele ya kamera kwamba amekutwa na saratani na ameanza matibabu, na kwamba muda ule wote walikuwa wakitafuta namna ya kuwaeleza watoto wao. Siku mbili baadaye tuliimba Hosana kwa Mfalme aliyepanda mwana-punda. Wengi wetu tulikuwa tumeinamisha vichwa, na si kwa unyenyekevu tu.

Maana wakati huohuo, hapa usharikani, kiti kimoja cha sauti ya pili kilikuwa wazi. Mwalimu wetu hakuja kanisani tangu mwishoni mwa Januari. Hakuaga. Juma la kwanza tulisema amesafiri. Juma la pili tulisema amehamia kwa wale wa maombezi ya usiku. Juma la tatu mtu akakumbuka kwamba yeye ndiye anayetunza fedha za sare mpya za kwaya. Tangu hapo habari ilikuwa moja tu: amekula fedha na amejificha. Daftari lilitafutwa, hesabu ikafanywa. Fedha zote zilikuwapo benki, hadi shilingi ya mwisho. Lakini hakuna aliyesimama kutangaza hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesimama kumshtaki. Ilikuwa habari ya barazani, na habari ya barazani haina mahali pa kufutiwa.

Na sisi tuliokabidhiwa kuwachunga watu hawa hatukwenda kumwona. Tulisikia yale yaliyosemwa, tukaona ni busara kungoja. Tuliita kungoja huko hekima. Tangu siku ile hatujapata jina jingine la kukuita isipokuwa woga.

Jumatatu ya juma takatifu tulikwenda, wazee wawili na mchungaji. Tulimkuta kwa binti yake, amekonda, kichwa amekifunga kitenge. Alikuwa akienda na kurudi Mbeya kwa matibabu tangu Januari. Alitukaribisha chai. Tulipomaliza kusema pole zetu alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, yule binti wa Uingereza walimvumilia miezi miwili. Mimi mlinipa majuma mawili."

Miili ya wafalme wetu

Tulipotoka pale mzee mmoja wa kanisa alisema njiani neno lililotufanya tuandike insha hii. Alisema: "Mchungaji, sisi tumerudi kwa Lwembe."

Wageni wa mahali hapa hawatajua maana yake, kwa hiyo tueleze. Kabla Injili haijafika bonde hili mwaka 1891, mikononi mwa Wamoravia kule Rungwe na Wamisionari wa Berlin upande wetu, Wanyakyusa walikuwa na Lwembe, mfalme mtakatifu aliyekaa Lubaga, huko juu upande wa Rungwe. Ndugu zetu wa Ungonde, ng'ambo ya Songwe, walikuwa na Kyungu, aliyeishi amefichwa kwenye kilima cha Mbande karibu na Karonga. Habari zao ziliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi kati yetu katika miaka ya 1930 na kuwauliza wazee waliokumbuka.

Wazee waliwaambia kwamba mwili wa mfalme haukuwa wake. Akiwa na nguvu, mvua hunyesha, mpunga huzaa, wanawake hujifungua salama. Akikohoa, nchi nzima hukohoa. Kwa sababu hiyo ugonjwa wake ulikuwa jambo la kutisha, na watu wake wa karibu walimchunguza daima. Walipoona anaugua sana hawakungoja afe mwenyewe. Walimziba pumzi, ili nchi isife pamoja naye. Inasimuliwa kwamba waliochaguliwa kuwa Lwembe walikuwa wakitaka kukimbia.

Hatuwasimulii babu zetu ili kuwacheka. Walikuwa wakitafuta uhai wa watu wao kwa njia waliyoijua. Hata kuhani mkuu Kayafa, aliyekuwa na Torati yote mkononi, alifikiri vivyo hivyo: Yohana 11 inatueleza jinsi alivyoona afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu kuliko taifa zima liangamie. Kwa kinywa chake alisema kweli kubwa kuliko aliyoikusudia. Kwa maana tunakiri kwamba mtu mmoja alikufa kwa ajili ya watu. Mfalme wetu aliutoa mwili wake mwenyewe, mchana kweupe, nje ya mji, mbele ya macho ya wote. Pazia la hekalu lilipasuka, na Mathayo anasema lilipasuka tangu juu hata chini. Halikupasuliwa na mikono ya watazamaji.

Basi ikiwa jambo hilo limekwisha, hakuna mwili mwingine unaotakiwa tena. Hakuna mfalme, mke wa mfalme, wala mhazini wa kwaya anayepaswa kuufungua mwili wake ili sisi tutulie. Mzee wetu aliposema tumerudi kwa Lwembe alimaanisha hivi: tumeacha kuziba pumzi kwa mikono, tunaziba kwa maneno. Tunamzunguka mgonjwa, tunamchunguza, na asipotuonyesha ugonjwa wake tunaamua wenyewe mwisho wake. Kila Jumapili tunamla Mfalme aliyejitoa, kisha tunatoka nje na kumtafuta mwingine.

Amri ya nane ina pande mbili

Kila aliyepata kipaimara katika kanisa letu alijifunza Amri ya nane na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo ya Luther. Tunakumbuka upande wa kwanza, wa kukataza: tusimzulie jirani uongo wala kumchafulia jina. Tunausahau upande wa pili, unaoagiza: tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulichukue kwa namna iliyo bora. Hapo ndipo kazi ilipo. Kiti kikiwa wazi kanisani, namna iliyo bora ya kulichukua jambo hilo ni kudhani mtu ni mgonjwa na kwenda kumjulia hali. Haihitaji ufunuo. Inahitaji miguu tu.

Lakini je, maana yake tusiwaseme wakubwa kamwe? Hapana. Luther katika Katekisimo Kubwa anatofautisha dhambi ya siri na ubaya uliotendwa hadharani. La siri linashughulikiwa kwa siri, kwa njia ya Mathayo 18. La hadharani laweza kukemewa hadharani, na aliyelikemea hakumzulia mtu. Kwa hiyo mpenzi wa habari za wafalme anayo kazi ya halali, na tena kubwa. Kosa letu lilikuwa kuiacha kazi hiyo na kufanya ile isiyo yetu.

Tutoe mfano. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Katika karamu ya Ikulu alizungumzia ukatili uliotendwa na Waingereza dhidi ya Wakenya waliopigania uhuru wao. Alisema hakuna udhuru kwa matendo hayo, akaeleza huzuni na majuto yake. Hakuomba msamaha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, hapa kusini mwetu, mahali ambapo mashujaa wa Majimaji walinyongwa. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu.

Wakuu wawili wa nchi mbili zilizotutawala, siku mbili zinazofuatana, maneno mawili tofauti. Na siku ya kwanza ilikuwa sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, siku tunayokumbuka hoja za Luther za mwaka 1517, ambazo ya kwanza kabisa inahusu toba. Kwa Mkristo tofauti ya kusikitika na kuomba msamaha ni kubwa. Anayesikitika hubaki ameketi kwenye kiti chake, na aliyeumizwa hana la kumjibu. Anayeomba msamaha amejiweka chini ya jibu la mwenzake, ambaye anaweza kusema ndiyo au hapana. Tunafahamu kwamba mfalme wa Uingereza hasemi mambo ya dola bila shauri la serikali yake, na hilo lipimwe kwa haki. Lakini lilikuwa jambo la hadharani, lililosemwa hadharani, na linatuhusu sisi kuliko kofia yoyote. Tuliizungumzia mara ngapi pale barazani? Hatukumbuki hata mara moja.

Hiki ndicho kipimo tunachowaachia wapenzi wa habari hizi, nasi ni miongoni mwao. Yale ambayo mtu anayatenda kwa mamlaka aliyopewa juu ya wengine, tuyatazame, tuyaseme, tuyakosoe, na tuseme kweli yote. Yale ya mwili wake, kitanda chake na machozi yake yana pazia, na aliye ndani ndiye mwenye haki ya kulifungua. Kipimo hiki kitumike Buckingham, kitumike Dodoma, kitumike na katika baraza la usharika wetu.

Uso ukutani

Katika 2 Wafalme 20 Mfalme Hezekia aliugua hata akakaribia kufa. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza uso wake ukutani na kumwomba Bwana. Biblia haituelezi sura yake ilikuwaje, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Ukuta ule ulikuwa chumba chake cha sala. Bwana alisikia, akayaona machozi ambayo watumishi wake hawakuyaona, akampa miaka 15.

Lakini sura hiyohiyo inaendelea. Wajumbe wakafika kutoka Babeli, kwa kuwa walisikia kwamba mfalme alikuwa mgonjwa. Hezekia alifurahi mno hata akawaonyesha kila kitu: fedha, dhahabu, manukato, silaha. Isaya alipokuja alimwuliza kuhusu wageni wale, wameona nini nyumbani mwake, na mfalme akajibu kwamba hakuna asichowaonyesha. Hukumu ikatoka hapo. Mambo yote waliyoyaona yatabebwa kwenda Babeli.

Tunaisoma habari hii kama onyo kwa pande zote mbili. Nyumba za wakubwa zisijijenge juu ya kuonyeshwa, maana anayeishi kwa kuonyeshwa atadaiwa kuonyesha hata kitanda cha mgonjwa. Nasi tunaokwenda kumjulia hali mgonjwa tujichunguze mlangoni: tunakwenda kama Isaya mwenye neno kutoka kwa Bwana, au kama wajumbe wa Babeli, ambao nao walikwenda kumwona mgonjwa, wakiwa na zawadi mikononi?

Mwalimu wetu alirudi kanisani siku ya Pentekoste. Uhazini hakuutaka tena, na kwenye kwaya hajarudi. Anaketi nyuma karibu na mlango, na baraka ikishatolewa huondoka kabla hatujamfikia. Mwezi Januari 2025, Catherine alipotangaza kwamba saratani yake imetulia, ni yeye aliyetupigia simu kutueleza, kwa furaha ya zamani, na tukazungumza karibu nusu saa juu ya watu wa mbali. Hakutuambia habari za afya yake. Hatukuuliza.

Kabla ya kuandika haya tulimwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tusiseme aliugua nini. Tumelitunza. Kiti chake cha sauti ya pili bado kiko wazi, na kwaya imekubaliana kisikaliwe na mtu mwingine. Tunaomba ndugu wanaosoma insha hii watuombee, ili siku akirudi akikute, na akute sisi tumejifunza kunyamaza.